Shangazi yangu alijibu "Hapana", kishikwambi kikaandika kwamba hawezi kujizuia

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu ziwa lilipofungwa mpaka limefunguliwa. Leo nalitua hapa. Sina chumvi ya kuongeza, maana nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi karibu na mhusika, na nilikatazwa kuongea. Mtu aliyekatazwa kuongea husikia vizuri sana.

Kwa wasionijua, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi huku Rusimbi. Zamani nilikuwa nakusanya habari za redio ya hapa kwetu, na ule ugonjwa wa kuuliza nani, wapi na kwa nini haujanitoka. Jina la mradi naliweka kapuni. Wahusika nimewabadilisha majina. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Twende.

Akina mama wanaoanika dagaa kule Bangwe wana kikundi chao. Mradi mmoja ukawajengea ghala. Ghala zuri kusema kweli, la matofali, madirisha ya wavu, ndani kuna chanja za mbao hadi juu.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Dagaa wanaanikwa, wanakaushwa vizuri, wanawekwa. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, mzigo unatolewa taratibu kwenda sokoni wakati watu wana hamu nao.

Ambao hamjawahi kuishi huku ziwa likiwa limefungwa, niwaambie kidogo. Sisi tumezoea mboga inatoka majini asubuhi, mchana iko jikoni. Ghafla hakuna. Samaki wetu mgebuka anakuwa hadithi. Watu wanakula maharage wakiangalia maji.

Sasa piga picha: katika kipindi hicho kuna mtu mmoja ana ufunguo wa ghala limejaa dagaa.

Jirani atakuja. Shemeji atakuja. Mwenye msiba atakuja, mwenye harusi atakuja, na wote wanataka "kidogo tu". Ukimpa kila mmoja kidogo tu, siku ziwa likifunguliwa ghala limebaki na harufu.

Mradi waliliona hilo mapema. Wakasema mtunza ghala asichaguliwe kwa kujuana, wala kwa kura. Achaguliwe kwa kipimo cha kujidhibiti. Wana maswali maalumu, mtu anaulizwa, majibu yanaingia kwenye kishikwambi, kishikwambi kinatoa alama.

Nilipoambiwa nikasema hawa watu wana akili. Nakiri.

Kikundi kikapendekeza akina mama wawili.

Wa kwanza ni shangazi yangu, dada wa baba. Nitamwita Bi. Hadija. Huyu mama amegeuza dagaa mchangani tangu mimi sijazaliwa, na magoti sasa yamegoma. Asubuhi anakaa chini, anajiburuza kwa makalio kutoka upande mmoja wa dagaa hadi mwingine. Ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike amechoka nini.

Kazi ya ghala ilikuwa ya kukaa kwenye kiti. Kupima, kufungua, kufunga. Kwake ilikuwa ama kazi hiyo, ama kwenda kukaa kwa binti yake Buzebazeba ale bila kufanya kitu, jambo ambalo kwa shangazi ni kuzikwa mapema.

Na kama ni kujizuia, nisikilizeni. Kila anayeanika dagaa hutafuna. Mkono unageuza, mdomo unatafuna, ni kama kupumua. Shangazi sijawahi kumwona akitafuna hata mmoja. Nilimuuliza siku moja, akasema, "Hawajaniita."

Daktari alimkataza sukari. Kopo la sukari liko pale pale mezani kwake, ni la wageni. Anakukorogea chai yako tamu, ananusa mvuke, anakunywa yake ya rangi, kavu.

Wa pili tumwite Mama Shani, ingawa pale mtaani jina lake ni Mama Ego. Ego kwa Kiha ni ndiyo. Huyu mama hajawahi kumkatalia mtu. Ukimwambia mvua itanyesha, ego. Ukimwambia haitanyesha, ego. Akipika, sufuria inazunguka mtaa mzima na kurudi tupu, naye anacheka. Hana adui Kigoma nzima. Mimi mwenyewe nampenda.

Lakini ghala? Jamani.

Siku ya kipimo nikampeleka shangazi kwa pikipiki ya rafiki yangu hadi ofisi walipokuwa wanafanyia. Afisa ni kijana mpole, nitamwita Erick, si mtu wa huku. Alimpa shangazi shikamoo vizuri, akamvutia kiti, akaniambia mimi naweza kukaa kwenye benchi ila msindikizaji haruhusiwi kumjibia mtu wala kumfafanulia, matokeo yataharibika.

Akaeleza kwamba kujidhibiti ni sehemu ya haiba ya mtu, kama urefu ulivyo sehemu ya mwili, na kwamba mtu akijibu kwa ukweli unaweza kumpima kama unavyompima kwa futi. Shangazi akasema, "Haya, baba, pima."

Sasa wakuu, hapa ndipo niwaombe umakini.

Zile sentensi zilikuwa zimetungwa kwa kukanusha. "Sishindwi na tamaa ya chakula." "Sitoi kitu cha watu bila ruhusa." Namna hiyo karibu zote. Ukikubali unabonyezewa Ndiyo, ukikataa unabonyezewa Hapana. Ndiyo nyingi, unajidhibiti. Hapana nyingi, huna breki.

Erick, kwa heshima, akawa anazigeuza kuwa maswali ili mama aelewe.

"Mama, hushindwi na tamaa ya chakula?"

Shangazi akamtazama kama aliyetukanwa. "Hapana."

Erick akabonyeza Hapana.

Mimi kwenye benchi nikaliona kosa. Shangazi amesema hapana, hashindwi. Kishikwambi kimeandika hapana, si kweli kwamba hashindwi. Yaani anashindwa.

Nikainua mkono. Erick akanionyesha kiganja: tulia, kaka.

"Hutoi kitu cha watu bila ruhusa?"

"Hapana. Nakitoaje?"

Hapana.

"Hukasiriki haraka?"

"Hapana, mwanangu."

Hapana.

Ndugu zangu, haya si mambo ya shangazi peke yake. Muulize mtu yeyote hapa, "Hujala?" Mmoja atajibu, "Ndiyo, sijala." Mwingine atajibu, "Hapana, sijala." Wote wana njaa. Hakuna mtu katika nchi hii anayebaki kwenye mlango akitafakari mwenzake amemaanisha nini, anasikia "sijala" anavuta sahani. Lakini "sijala" haina kitufe. Kitufe ni Ndiyo na Hapana tu.

Likaja swali moja ambalo halikukanusha, nikasema afadhali hapa ataokota alama. Aliulizwa kama yeye ana nidhamu kuliko wanawake wenzake.

Shangazi akajifunika mdomo kwa kanga. "Hapana," akasema. "Hayo waulize wao."

Ndivyo alivyolelewa. Mtu hajisifu mbele ya mgeni. Kishikwambi hakikulelewa huku.

Nikatoka pale nimelowa jasho kama niliyekuwa nahojiwa mimi. Mama Ego akaingia. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia. Hushindwi na tamaa? Ego, ndiyo. Hutoi kitu cha watu? Ndiyo. Hukasiriki? Ndiyo, baba. Una nidhamu kuliko wenzako? Ndiyo. Nadhani angemuuliza kama yeye ni mkuu wa mkoa angesema ndiyo, asimvunje moyo kijana wa watu.

Hakukaa sana. Alitoka anacheka, akaniambia maswali yalikuwa mepesi.

Matokeo yakasomwa mbele ya kikundi. Na hapa namlaumu Erick kweli, si mtu mbaya ila hapa namlaumu. Angesema tu aliyepita ni fulani. Yeye akasoma na maelezo kama yalivyotoka kwenye kishikwambi: Mama Shani kiwango cha juu sana cha kujidhibiti, Bi. Hadija kiwango cha chini sana, anahitaji usimamizi wa karibu.

Mama mmoja nyuma akacheka kwa kudhani ni utani. Erick hakucheka.

Mnajua maneno yanavyosafiri. Kutoka pale ukumbini hadi ufukweni, "kiwango cha chini cha kujidhibiti" ilikuwa imeshageuka kuwa "mashine imesema ana tamaa". Ilipofika kwa wauza mawese ikawa mlafi. Mwanamke ambaye miaka yote hajatafuna dagaa mmoja, mtu anamtania, "Bi. Hadija, leo umejizuia au tufunike ungo?"

Shangazi aliendelea kujiburuza anageuza dagaa. Ila niliona ameanza kukaa mwisho kabisa, mbali na wenzake.

Hapo ndipo mimi nilipochachamaa.

Nilimfuata Erick. Nikamweleza taratibu, kwa mfano wa "hujala". Akasikiliza, akaandika, akatikisa kichwa. Akasema maswali hayo yametafsiriwa na wataalamu na yameshatumika kwingine. Nikamwambia hata ndoo iliyotoboka hutumika kwingine, ndipo wanajua imetoboka. Mwishowe, kwa ubinadamu wake, akakubali ampime tena mara moja.

Nikarudi Bangwe mbio kumwandaa shangazi. Wakuu, mazungumzo haya sitayasahau.

"Shangazi, akikuuliza 'hushindwi na tamaa', sema ndiyo."

"Niseme ndiyo, nashindwa?"

"Hapana. Ndiyo, hushindwi."

"Sasa nyie mnataka hapana au ndiyo?"

"Ndiyo, Shangazi. Ndiyo tu, mwanzo mpaka mwisho."

Akaweka chini ungo wa mchele. "Yaani mtu aniulize jambo lolote, mimi kazi yangu kuitikia. Kama Mama Ego."

"Siku moja tu."

"Na wewe ulikuwa mtu wa redio," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Alikwenda. Erick akasoma, safari hii bila kugeuza kuwa maswali, akamweleza kabisa kwamba ukikubaliana na sentensi sema ndiyo. Akaanza: "Sishindwi na tamaa ya chakula."

Shangazi akanitazama mimi. Akamtazama Erick. Akanyoosha mgongo.

"Hapana," akasema. "Mimi pia sishindwi."

Nilitoka nje nikaenda kusimama chini ya mchikichi nikitazama ziwa. Sikusubiri swali la pili.

Mama Ego akapewa ufunguo. Ziwa likafungwa.

Nawaambia nilichokiona, si nilichosikia. Wiki za mwanzo watu walikuwa wanapita pale ghalani kwa aibu. Baadaye bila aibu. Msiba wa Bangwe juu, bakuli. Harusi, beseni. Kuna jamaa alikuja kuuliza njia akaondoka na kifuko. Mama Ego hakula hata mmoja, hilo nalishuhudia, na hakuuza hata mmoja pembeni. Alikuwa anatoa tu. Mtu akisimama mlangoni na uso wa huruma, mkono wa Mama Ego unanyanyuka wenyewe.

Chanja ya chini ikaanza kuonyesha mbao. Kisha ya pili.

Na yule mama alikuwa anakonda. Nilipita siku moja nikamkuta amefunga mlango kwa ndani, yuko gizani, nje kuna mtu anabisha. Akaninong'oneza dirishani niseme hayupo. Nikamuuliza kwa nini asimwambie hapana yakaisha. Akasema, "Neno hilo likifika hapa," akashika koo, "linageuka."

Hapo ndipo nilipoelewa mzaha mzima wa jambo hili, wakuu. Kazi ya mtunza ghala ina neno moja tu. Neno hilo ni hapana. Walikuja na kishikwambi kutafuta mtu anayeweza kulitamka, wakampata, akalitamka mbele yao kila walipomuuliza, na kila alipolitamka wakampunguzia alama.

Mwisho Mama Ego mwenyewe ndiye aliyeamua. Alikwenda kwa shangazi jioni moja, nikiwa nimekaa pale nakunywa chai yenye sukari ya wageni. Hakukaa. Alivua kamba ya ufunguo shingoni akaiweka mezani, karibu na kopo.

"Dada, niokoe," akasema. "Moyo wangu hauna komeo."

Shangazi hakuugusa. Akauliza, "Umebakiza chanja ngapi?"

Mama Ego akaanza kulia. Shangazi akamkorogea chai, akamwacha anywe, akamtania kidogo kwamba leo angalau amekuja mikono mitupu. Wakacheka. Kisha akavaa ule ufunguo, akaomba mkono, nikamwinua.

Mwenyekiti wa kikundi aliambiwa kesho yake, akasema yeye hajasikia kitu, ila ashukuriwe Mungu. Kwenye karatasi za mradi mtunza ghala akabaki Mama Shani. Kwenye kiti akakaa Bi. Hadija, miguu ameinyoosha juu ya debe, na mlangoni pakawa na ukimya ambao hata mbuzi waliuheshimu.

Mzigo uliobaki ukafika sokoni wote. Haukuwa kama ulivyotarajiwa, lakini kikundi hakikufa. Na yale maneno ya tamaa yaliisha yenyewe, maana kila aliyewahi kumtania alipita pale mlangoni na bakuli, na akarudi nalo kama alivyolileta.

Ungedhani stori inaishia hapo kwa furaha. Haikuishia hapo, na ndiyo maana nimekasirika hadi nimeandika.

Juzi Erick kaja kibandani kwangu na flashi, anataka kutoa kopi za ripoti. Natoa, macho yanasoma, siwezi kujizuia, nipimeni na mimi. Ripoti inasema kipimo kimefaulu. Aliyepata alama za juu ametunza ghala vizuri hadi mwisho wa kufungwa kwa ziwa. Kipimo sasa kipelekwe kwenye mialo mingine ya wavuvi kando ya ziwa.

Nikasimamisha mashine. Nikamwambia Erick, kaka, aliyetunza ni yule wa alama za chini. Nikamweleza ufunguo ulivyohama.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akashika kichwa. Namwonea huruma, kweli. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikamwambia Bangwe nzima.

Akasema ripoti imeshakubaliwa huko juu, kwenye mfumo haifunguki tena, yeye amebakiza kopi tu. "Lakini hutalizungumza hili, kaka?"

Nikamjibu, "Hapana."

Akaridhika, akalipa, akaondoka. Hakuniuliza ni hapana ipi.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Sipingi kupima tabia za watu. Kujizuia ni jambo la kweli, lipo, wengine wanalo na wengine hawana, na ghala la watu linalihitaji. Lakini ukitaka kumpima mtu kwa maneno, kwanza yapime maneno. Wasomeeni mama zenu sentensi zenu kabla hamjaziingiza kwenye vishikwambi. Na mkiwa na nafasi, kaeni ufukweni asubuhi moja mtazame nani anatafuna na nani hatafuni. Haihitaji chaji.

Jana nilipita ghalani. Ziwa limefunguliwa lakini kwangu mboga ilikuwa imeisha, na nilijua kuna dagaa wa mzigo mpya. Nikajisemea, kwa jinsi nilivyompigania huyu mama, kifuko kimoja si dhambi.

"Shangazi, nipimie dagaa wa mboga. Kidogo tu."

Hakuinua hata macho.

"Hapana, baba. Nenda kwa Mama Ego, leo kapika."

Nikaenda. Nikala, nikashiba.

Uwanja ni wenu. Wafanya tafiti, walimu, mliowahi kuhojiwa na vishikwambi vya namna hii: hamjawahi kukutana na kitu kama hiki?

Mnaojibu, naomba mnijibu kwa sentensi nzima.